Oduor wa Siaya na dakika moja ya Grimsby

Wasomaji wetu wengi, wa nyumbani na wa huku ughaibuni, wanaikumbuka Februari Mosi 2020. Siku hiyo Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa dhidi ya Bournemouth na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Haki yake kushangiliwa, hata kama Villa walilala 2-1. Lakini hebu tuulizane: nani anaikumbuka Julai 22 ya mwaka huo huo?

Siku hiyo Mkenya Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, aliingia akitokea benchi katika uwanja wa Brentford, akiichezea Barnsley. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, na majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya Covid. Bila ushindi Barnsley ilikuwa inashuka daraja. Brentford nayo ilikuwa ikishinda tu inapanda moja kwa moja. Matokeo yalikuwa 1-1 na dakika tisini zimekwisha pale kijana huyo wa miaka 21 alipotia mpira wavuni. Barnsley ikabaki, Charlton ikashuka, na Brentford ikaisubiri Ligi Kuu hadi mwaka 2021. Bao moja la mtoto wa Siaya, na klabu tatu zikabadilishiwa safari.

Sisi tulio hapa Arlington tunaona tatizo liko kwetu mashabiki. Kwetu Uingereza ina klabu ishirini tu, tena ukibana sana zinabaki sita. Chini yake kuna klabu nyingine 72 katika madaraja matatu, na wachezaji wake wanalipwa mshahara, wanalea familia na kulipa kodi kwa mpira huo huo. Mwambie mtu wetu kwamba fulani anachezea Bradford City, atauliza: kwani alishindwa wapi?

Angalieni njia ya Oduor. Alilelewa kisoka na chuo cha vijana cha Leeds United. Mwaka 2019 akaenda Barnsley, na mwaka huo huo akaitwa Harambee Stars. Baadaye akapelekwa Hartlepool kwa mkopo, mwaka 2023 akajiunga na Bradford, na Agosti 2025 akapelekwa Grimsby Town, kwa mkopo pia. Kuna anayesoma orodha hiyo na kuona mtu anayeteremka. Sisi tunaobeba maboksi tunaona kitu tunachokijua: mkataba ukiisha unafunga mizigo, unafika mji mgeni, unaanza tena kumwonyesha bosi mpya kwamba unaijua kazi.

Hata mambo ya makaratasi yamemkuta. Agosti 27, 2025 Grimsby, timu ya daraja la nne, iliwatoa Manchester United katika Kombe la Ligi baada ya sare ya 2-2 na penalti 12-11. Oduor aliingia dakika ya 73, na penalti yake ikadakwa. Kesho yake klabu yenyewe ikagundua kwamba usajili wake ulikuwa umewasilishwa saa sita na dakika moja mchana, siku moja kabla ya mechi, wakati mwisho ulikuwa saa sita kamili. Wakajiripoti wenyewe. Wakatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikasimamishwa, na ushindi ukabaki wao. Dakika moja! Anayeishi kwa viza anajua dakika moja ina uzito gani.

Tunayasema haya kwa sababu ya watoto wetu. Viwanja vya Long Bridge Park hapa Arlington havikosi watoto wenye vipaji, na wazazi hawakosi ada za kulipa. Kosa linaanza pale mtoto anapofundishwa kwamba akikosa Arsenal amepoteza muda wake. Kijana wa namna hiyo hukata tamaa akiwa na miaka 17, kumbe ipo timu ya daraja la tatu ambayo ingemwajiri miaka kumi.

Na mashirikisho yetu ya soka, FKF na TFF, yanapaswa kuwa na mtu wa kuwafuatilia hawa kila wiki, si kuwakumbuka wakati wa mashindano tu. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepitia Mansfield na Solihull Moors, alivaa jezi ya Taifa Stars. Wako wangapi ambao hatujawahi kuwapigia simu?

Mechi nyingi za madaraja hayo huchezwa Jumamosi. Kwetu Arlington ni saa nne asubuhi. Nairobi na Dar ni saa kumi na moja jioni, na majira ya baridi yakiingia Uingereza inakuwa saa kumi na mbili.