Gari la familia lisivishwe viatu vya saizi mbili

Januari ina mambo yake. Kuna ada, sare, madaftari, na mara nyingi kuna matairi pia, kwa sababu gari lililokwenda Moshi au Songea kula sikukuu hurudi Dar es Salaam matairi mawili yakiwa vipara. Mjadala huanzia sebuleni. Mama anataka yanunuliwe yote manne. Baba anasema mawili yanatosha, ya mbele bado yana kashata, na ada haijakamilika. Wote wawili wanadhani wanabishana kuhusu pesa, kumbe jibu linategemea aina ya gari lililopo uani.

Kama gari linavutwa na magurudumu mawili tu, baba ana hoja. Matairi mawili mapya yanayofanana, yakifungwa pamoja upande mmoja, mbele au nyuma, hayaumizi kitu. Lakini Tegeta, Bunju, Mbagala na Chamazi kumejaa magari kutoka Japani ambayo mengi huvuta kwa magurudumu yote manne. Subaru Forester ni mfano, na zipo Toyota RAV4 na Nissan X-Trail za aina hiyo. Wazazi huyapenda kwa sababu lami huishia barabara kubwa. Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, gari la namna hii huvuka tope la mtaani na watoto wakawahi shule. Sharti lake ni moja: magurudumu manne yawe na kimo kimoja.

Namba za ubavuni zinasema nini

Mzazi akisoma 215/65R16 kwenye tairi, 215 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya upana huo. 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kimo cha karibu milimita 686 kutoka chini hadi juu.

Sasa tuseme mzazi yuko dukani Kariakoo, saizi yake imekwisha. Muuzaji anamwambia, "Bosi, chukua 215/70R16, rimu ni ile ile, tofauti kidogo tu." Ni kweli litaingia kwenye rimu. Lakini kimo chake ni karibu milimita 707. Tairi la zamani huzunguka kama mara 464 kila kilomita, na hili jipya mara 450. Tofauti ni mizunguko 14. Katika safari ya kilomita 500, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yameachana kwa mizunguko 7,000.

Magurudumu huzunguka tofauti hata gari likiwa zima, kila linapokata kona. Kwa hiyo kati ya mbele na nyuma kuna difu ya kati, au kifaa chenye sahani au mafuta mazito, kinachoruhusu tofauti hiyo. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa kona, jambo la sekunde chache. Matairi yenye vimo tofauti humaanisha kwamba gari linakata kona muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kinapata joto, mafuta yanaungua, sahani zinakwisha. Katika Subaru nyingi za otomatiki, sahani hizo zimo ndani ya giaboksi yenyewe. Familia iliyookoa bei ya matairi mawili hujikuta inatafuta giaboksi. Wahenga walishasema, rahisi ni ghali.

Lakini mbona BMW zina matairi tofauti?

Swali hili huulizwa sana, hasa na kijana wa nyumbani anayetaka gari la baba lifungwe rimu pana nyuma lipendeze. Ni kweli. Baadhi ya BMW X5, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, zilitoka kiwandani na 275/40R20 mbele na 315/35R20 nyuma. Mzazi akifanya hesabu ile ile ataona jambo la kushangaza: mbele kimo ni milimita 728, nyuma ni 728 na nusu. Wahandisi walitofautisha upana, wakaacha kimo kilivyo. Na gari lilibuniwa hivyo tangu mwanzo, rimu na yote.

Kwa hiyo kijana ajibiwe hivi: saizi mbili zinawezekana pale tu kiwanda kilipoziruhusu kwa gari hilo hilo, na kimo kikalingana. Hata saizi mbili ambazo zote ni za kiwandani zinaweza kukosana. Forester nyingi zilitoka na 215/65R16 au 225/55R17. Kila moja ni sahihi ikifungwa peke yake kwenye magurudumu yote manne. Zikichanganywa, vimo vinaachana kwa zaidi ya milimita 6.

Saizi moja, kimo tofauti

Mtego mwingine ni matairi ya mtumba. Mawili yanaweza kuandikwa namba zile zile, lakini moja lina kashata ya milimita 7 na jingine limebakiwa na 3. Subaru kwa wateja wake wa Marekani imekuwa ikitaka mzunguko wa matairi manne usiachane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Hiyo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kashata. Kampuni nyingine zina viwango vyake, lakini hakuna inayofurahia mchanganyiko.

Kupima si kazi ngumu. Kamba isiyovutika inazungushwa katikati ya tairi likiwa limefunguliwa, inawekwa alama, kisha inapimwa kwa futi ya fundi ujenzi. Futi ya cherehani haitoshi, kwa kuwa ina sentimita 150 na tairi la Forester lina zaidi ya 210. Wakati huo huo mzazi asome tarakimu nne za tarehe ubavuni. 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka hata kama kashata ni ndefu, na wanaokaa juu yake ni watoto.

Pesa zisipotosha

Ushauri wa "nunua manne" ni rahisi kuutoa na mgumu kuutekeleza Januari. Yapo mambo matatu yanayosaidia.

Kwanza, matairi yazungushwe, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila baada ya kilomita kama 10,000. Fundi wa pancha hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Yakiisha pamoja, mjadala wa mawili au manne hautakuwepo. Upepo nao uwe sawa: kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyesha saizi na upepo hata kama kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani. 220 kPa ni kama 32 kwenye geji ya fundi.

Pili, fungu la matairi liwekwe kidogo kidogo mwaka mzima, kama ada. Matairi yanakwisha kwa ratiba inayoonekana kwa macho, hivyo yasihesabiwe kama dharura.

Tatu, tairi moja likipasuka, tafuteni la mtumba linalolingana na matatu yaliyobaki kwa saizi na kashata, badala ya kuweka jipya moja peke yake. Lile tairi jembamba la akiba linalokuja na magari mengi ya Japani ni la kufikia kwa fundi tu, taratibu, si la kupelekea watoto shule wiki nzima. Baadhi ya Forester za otomatiki za zamani zina nafasi ya fyuzi chini ya boneti, yenye alama ya FWD, inayopunguza mzigo wa nyuma wakati tairi hilo linatumika. Fundi wa Subaru ataionyesha.

Na yule mwenye gari linaloendeshwa na wawili, mama asubuhi na baba jioni, aambiane na mwenzake dalili. Gari likishikashika au kurukaruka linapokata kona kali kwenye maegesho, mngurumo ukiongezeka chini, au harufu ya mafuta yaliyoungua ikisikika baada ya safari, lipelekwe kwa fundi siku hiyo. Anayeendesha kila siku huzoea, na anayeendesha mara moja moja ndiye anayesikia.

Kwa familia ambayo bado inatafuta gari, hesabu ianzie hapa. RAV4 na X-Trail zipo pia za kuvuta magurudumu mawili. Kama njia ya nyumbani inapitika mwaka mzima na kununua matairi manne kwa mkupuo ni shida, hilo la magurudumu mawili linafaa zaidi. Wazazi wakae wapige bei ya matairi manne kabla ya kulipia gari, siyo baada.