TAKA ZA BIRMINGHAM: NANI ATAJIBU?



Wengi wetu tulilelewa na maneno kwamba Uingereza ni nchi ya mpango, miji yake ni safi na hesabu yake haipotei hata peni moja. Basi sikilizeni habari za Birmingham, mji wa pili baada ya London, wenye watu zaidi ya milioni moja. Tarehe 31 Machi 2025 baraza la mji huo lilitangaza dharura kwa sababu ya taka. Tani kama 17,000 zilikuwa zimelala barabarani, mifuko imepasuliwa na panya, na wazoa taka wamegoma. Wenye kupenda majibu ya upesi wakapata jibu lao siku ile ile: makosa ni ya wazoa taka.

Sisi twasema sivyo, na tutaeleza kwa nini, kwa maana uongo wa namna hii haukai Birmingham peke yake.

Rudini nyuma mpaka mwaka 2010. Serikali ya David Cameron iliingia, na Waziri wake wa Fedha, George Osborne, akasema lazima nchi ifunge mkanda kwa sababu deni limekuwa kubwa. Deni lilikua sana baada ya mabenki kuanguka mwaka 2008 na Serikali kuyaokoa. Lakini mkanda haukufungwa kiunoni mwa mabenki. Ulifungwa kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa karani wa baraza. Mishahara ya watumishi wa umma ilizuiliwa isipande kwa miaka miwili, kisha ikaruhusiwa kupanda kwa asilimia 1 tu kwa mwaka, hata kufika 2017, huku bei za vitu hazikungoja mtu. Mabaraza ya miji nayo yakanyimwa fedha. Baraza la Birmingham lasema lilipoteza zaidi ya pauni milioni elfu moja katika miaka kumi na kidogo.

Na tazameni ujanja wake. Waziri wa London hakufunga maktaba hata moja kwa mkono wake. Yeye alipunguza fedha tu, akamwachia diwani kazi ya kufunga. Mwananchi akaenda kumpigia kelele diwani. Diwani akasema, nendeni London. London ikasema, hilo ni jambo la baraza lenu, wakubwa wenu hawajui kazi. Mwananchi akabaki katikati kama mpira.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho kingeweza kusema ukweli mapema. Tangu 1983 Uingereza ilikuwa na Tume ya Ukaguzi iliyosimamia ukaguzi wa hesabu za mabaraza. Mwaka 2010 waziri Eric Pickles alitangaza kwamba itavunjwa, ati ni gharama ya bure, na ikafungwa mwezi wa Machi 2015. Kazi ikaachwa mikononi mwa makampuni. Matokeo? Katika hesabu za mwaka 2022–23, mabaraza na mashirika ya namna hiyo yalikuwa 467, na yaliyokaguliwa kwa wakati ni 5. Ndiyo, matano. Kisha wakubwa wale wale wakashangaa kwamba miji inafilisika bila mtu kujua.

Sasa, ndugu, msidhani twalitakasa baraza. Baraza la Birmingham, ambalo mwaka 2012 lilishikwa na chama cha Labour, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanya kazi, lina dhambi zake, na ya kwanza ni juu ya wanawake. Kwa miaka mingi wapishi wa shule, wafagiaji na watunza wazee walikuwa katika daraja moja la kazi na wanaume wazoa taka na wachimba makaburi, lakini wanaume walipewa bonasi na wanawake hawakupewa. Sheria ya mishahara sawa ilikuwako tangu 1970! Wanawake walikwenda mahakamani wakashinda, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikawaruhusu hata waliokwisha acha kazi wadai. Mwaka 2015 baraza liliuza jumba lake kubwa la maonyesho ili kutafuta fedha za kulipa, na bado madai yakaendelea. Hasara hiyo isiitwe gharama ya wanawake. Ni mishahara iliyoshikwa, na aliyeishika ndiye mdeni.

Dhambi ya pili ni mashine. Baraza liliagiza mpango mpya wa kompyuta wa kutunza hesabu, ukaanza kazi Aprili 2022, ukashindwa. Mwanzo bei ilitajwa kuwa pauni kama milioni 19. Ikapita milioni 100. Mzoa taka akiharibu pipa moja huandikiwa barua ya onyo.

Basi tarehe 5 Septemba 2023 baraza likatoa notisi chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya 1988, maana yake ni kwamba fedha hazitoshi na matumizi mapya yasimame. Mwezi uliofuata Serikali ikaleta makamishna. Hawa hawakupigiwa kura na mtu yeyote wa Birmingham, lakini baraza ndilo huwalipa, zaidi ya pauni 1,000 kwa mtu kwa siku ya kazi. Kodi ya nyumba ikapanda asilimia 9.99 mwaka 2024, ikapanda tena asilimia 7.49 mwaka 2025. Maktaba, huduma za vijana, taa za barabarani, zote zikapunguzwa. Mwananchi alilipa zaidi akapata pungufu.

Katika kutafuta pa kukata, wakafika kwa lori la taka. Wakafuta cheo kimoja katika kundi la wazoaji, cheo ambacho wenyewe walikikubali ili kumaliza mgomo wa 2017. Chama cha Unite kikasema kuna watakaopoteza hata pauni 8,000 kwa mwaka. Baraza likabisha, likasema ni watu wachache na hasara ni kama pauni 6,000. Haya, tuchukue hesabu ya baraza. Pauni 6,000 ni fedha ya kamishna mmoja kwa siku sita. Kwa mzoa taka ni kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Na hapo ndipo fitna ilipoingia. Baraza likasema: cheo hiki tukikiacha, wanawake watadai tena usawa. Yaani mwanamume akatwe kwa jina la mwanamke! Wanawake hawakuomba mtu yeyote ashushwe. Waliomba wao wapandishwe. Madai yao yalikuja kupatanishwa na vyama vyao vya Unison na GMB Desemba 2024, na kama mapatano hayo yangefanywa miaka kumi nyuma, mji ungelipa kidogo sana.

Mgomo ulianza Januari 2025, ukawa wa kila siku tangu 11 Machi. Mwezi wa Aprili Serikali ilileta maofisa wa jeshi, si kuzoa taka bali kusaidia kupanga. Ilikwisha kuwa Serikali ya Labour tangu Julai 2024, lakini makamishna walibaki pale pale. Unite kikalalamika kwamba kilipokaribia kukubaliana mezani, makamishna walizuia. Mwezi wa Julai baraza likaondoka kwenye mazungumzo, likisema limefika mwisho wa uwezo wake. Mwaka 2025 ukaisha mgomo haujaisha. Mfanya kazi atapatana vipi na mtu asiyeshika mfuko? Kila chama kinachojadiliana mishahara kiulize swali hilo kabla ya kuketi: nani hapa ana ruhusa ya kutia sahihi?

Na wale wa 2010 wako wapi? Osborne alitoka Bungeni 2017 akawa mhariri wa gazeti London, na 2021 akawa mwenyekiti wa British Museum. Pickles alifanywa Lord 2018. Cameron naye alifanywa Lord Novemba 2023, akarudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Hakuna aliyekatwa pauni 6,000.

Kwa sisi wa Kenya jambo hili si la mbali. Julai 2021 Serikali yetu ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi, na wengine wetu wana binti au dada huko wanaoosha wagonjwa na kutunza wazee. Kazi nyingi za kutunza wazee hufanywa na makampuni, yakilipwa na mabaraza haya haya yanayokatwa fedha. Waandikieni barua. Waulizeni nani huwalipa, na hiyo kampuni hulipwa na baraza gani. Tena waambieni waingie chama wiki ya kwanza, kabla ya kununua koti la baridi.