Makafani hulipwa kwa siku: Je, yatakushauri uzike mapema?

Kila jioni kabla ya taarifa ya habari, kituo chetu husoma matangazo ya vifo. Tunasoma jina la marehemu, kijiji chake, orodha ndefu ya jamaa, kisha sentensi ambayo wengi huingojea: mwili utaondoka makafani siku fulani, saa fulani. Kati ya siku ya kifo na siku hiyo mara nyingi hupita wiki moja au mbili, wakati mwingine tatu. Ni katika siku hizo ambapo familia nyingi za eneo letu huingia kwenye madeni.

Mjadala kuhusu muda huo ulirudi kwa nguvu Oktoba 2025. Aliyekuwa Waziri Mkuu Raila Odinga alifariki nchini India tarehe 15 na kuzikwa Bondo, kaunti ya Siaya, tarehe 19. Familia ilieleza kwamba alitaka azikwe ndani ya saa 72. Mwaka uliotangulia, Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, akazikwa tarehe 21 nyumbani kwake Siaya, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Hawa ni watu ambao taifa lingekubali kuwaombolezea mwezi mzima, na hata hivyo walizikwa kabla ya wiki kwisha. Wasikilizaji wakatuuliza: mbona sisi wa kawaida tunashindwa?

Jibu moja liko mahali ambapo wengi hawaliangalii, yaani kwenye meza ya ofisi ya makafani, siku ile ya kwanza.

Biashara ya familia

Zamani, ukisema mochari ulimaanisha ile iliyo nyuma ya hospitali ya serikali. Siku hizi kuna makafani mengi ya kibinafsi, na mengi kati ya yale ya miji midogo yanaendeshwa na familia. Mzee ndiye mwenye leseni na kiwanja, mke wake hushika vitabu, kijana huendesha gari la kubeba maiti, binti hupokea wateja, na seremala wa majeneza ni jirani au shemeji.

Kazi yao ni pana kuliko kuhifadhi mwili. Huuchukua nyumbani au hospitalini, huusajili na kuufunga kitambulisho, huuingiza dawa ya formalini mishipani au kuuweka kwenye baridi, huuosha, huuvalisha na kuutayarisha utazamwe. Huuza au kukodisha jeneza, gari, hema, viti, vipaza sauti na ile mashine ya kushushia jeneza kaburini. Wengine humtuma kijana wao akae na familia hadi kaburi lifunikwe.

Kwa mfiwa aliyechanganyikiwa, kupata hayo yote chini ya paa moja ni nafuu kubwa. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi. Ada ya kuhifadhi mwili hutozwa kwa siku. Mtu ambaye familia inamtegemea kwa ushauri ndiye anayepata zaidi ikiwa familia itachelewa. Si lazima awe mtu mbaya. Anaweza tu kuuliza, "Mnapanga kuzika lini?", akaandika tarehe anayoambiwa, na kunyamaza.

Bili hukulia wapi?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme makafani yanatoza shilingi 1,500 kwa siku, na nyumbani kwenye kilio familia inatumia shilingi 8,000 kwa siku: chai, mkate, ugali, kuni, maji, hema na nauli za wanaotumwa huku na kule. Kwa siku 14, makafani yatadai 21,000 na kilio kitakula 112,000. Jumla ni 133,000. Kwa siku 5, makafani yatadai 7,500 na kilio 40,000. Jumla ni 47,500. Tofauti ni shilingi 85,500, na bado hujanunua jeneza. Namba hizi ni zetu za mfano. Weka zako, na utaona umbo ni lile lile.

Hesabu hiyo inafundisha jambo. Makafani si sehemu kubwa ya gharama. Sehemu kubwa iko nyumbani, chini ya hema. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha makafani ndiyo inayoamua mambo yote mawili.

Kuna sababu za kweli za kungoja. Mtoto yuko Qatar na hajapata ruhusa ya mwajiri. Marehemu alikuwa mwanamume ambaye hakuwa amejenga bomani, na wazee wanataka nyumba isimamishwe kwanza. Jamaa walioajiriwa wanasubiri mwisho wa mwezi ndipo watume mchango. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu familia hungoja ili ichange pesa, na pesa zinazochangwa huliwa na kule kungoja. Tumewahi kusomewa hewani hesabu za kamati iliyochangisha kwa wiki mbili na kubaki na deni.

Wala haraka si jambo geni kwetu. Majirani zetu Waislamu, kuanzia Mumias hadi Mombasa, huzika siku hiyo hiyo au kesho yake, bila dawa, kwa sanda na jeneza la msikiti. Na mwaka 2020, Korona ilipoingia, serikali iliruhusu mwanzoni waombolezaji 15 tu. Ilituumiza, lakini tulizika. Masharti yalipoondolewa tulirudi kwenye wiki mbili zetu.

Karatasi yenye tarehe mbili

Mmoja wetu hapa kituoni alifiwa na shangazi yake mwaka jana. Wazee walipofika makafani walikuwa tayari wameafikiana juu ya Jumamosi ya wiki ya tatu. Binti wa mwenye makafani hakubishana nao. Alichukua karatasi, akachora mstari katikati, upande mmoja akaandika Ijumaa ya wiki hiyo, upande wa pili ile Jumamosi yao. Chini ya kila tarehe akaandika ada ya kuhifadhi, gari na jeneza. Kisha akawauliza wazee wenyewe wanakadiria kutumia kiasi gani nyumbani kwa siku, akazidisha mbele yao. Wazee walitazama karatasi ile kwa muda. Mjomba mmoja akasema wapigiwe simu walio Nairobi, waambiwe waje Alhamisi usiku. Shangazi alizikwa Ijumaa, na ng'ombe aliyekuwa auzwe bado yuko zizini.

Makafani yale yalipoteza ada ya wiki mbili na zaidi. Tulipomuuliza baadaye kwa nini alifanya hivyo, alitueleza kwamba wao wanaishi mtaa mmoja na wateja wao, wanakutana sokoni na kanisani, na familia iliyofilisika baada ya mazishi haisahau ilikopea wapi. Hapo ndipo nguvu ya makafani ya familia ilipo. Jina lao ndilo mtaji wao. Lakini si kila makafani ya familia hukumbuka hivyo, ndiyo maana mfiwa anafaa kujua la kuuliza.

Makaratasi ambayo hayangoji machozi yakauke

Ushauri wa pili muhimu wa makafani mazuri ni wa makaratasi. Kifo kikitokea hospitalini, taarifa ya kifo hujazwa huko, kwenye fomu inayoitwa D1. Kikitokea nyumbani, naibu wa chifu ndiye hujaza D2. Hapo ndipo hutoka kibali cha mazishi. Bila kibali hicho mwili haufai kuzikwa.

Wengi wetu hudhani kibali cha mazishi ndicho cheti cha kifo. Sivyo. Cheti huombwa baadaye, kupitia eCitizen, na maombi hayo yanahitaji kile kibali. Tunza nakala yake, na piga picha kwa simu kabla hakijapotea kwenye pilikapilika za mazishi. Kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi 6, huhesabiwa kuwa usajili wa kuchelewa, na safari za ofisini huongezeka. Bila cheti, mjane hawezi kufungua kesi ya mirathi, na benki na hazina ya pensheni hazitamsikiliza.

Kama kifo ni cha ghafla, cha ajali au kina utata, polisi lazima wajulishwe kwanza. Msikubali mwili uingizwe dawa kabla ya upasuaji wa kutafuta kiini cha kifo. Formalini inaweza kuharibu ushahidi, hasa pale sumu inaposhukiwa. Makafani yanayojua kazi yatawauliza jambo hili mlangoni. Yasipouliza, yaambieni ninyi.

Mwili unapozuiliwa

Simu nyingine tunazopokea zinahusu hospitali iliyokataa kuachilia mwili kwa sababu ya bili. Mwaka 1998, katika kesi dhidi ya hospitali moja ya kibinafsi ya Mombasa, Mahakama Kuu ilisema kwamba maiti si mali na haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Hata hivyo mtindo huo haujaisha. Kinachofaa kueleweka ni kwamba deni lenyewe halifutiki: hospitali ina haki ya kulidai, hata mahakamani, lakini kwa aliye hai. Ombeni bili kwa maandishi, pendekezeni kwa maandishi mtalipaje, na mkikataliwa tafuteni wakili au shirika la msaada wa kisheria mapema. Kila siku ya mvutano pia ina ada yake ya kuhifadhi.

Nani mwenye kusema?

Makafani mazuri humtaka mtu mmoja aandike jina lake na nambari ya kitambulisho kama mwenye kuchukua mwili. Wengine huona huo ni urasimu, ilhali ni kinga. Wake wawili wakifika na mipango miwili, au ukoo na mjane wasipoelewana, mmoja wao akapata amri ya mahakama, makafani hayawezi kuutoa mwili hadi kesi iamuliwe. Kenya haijasahau kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986, na kwa sababu mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walivutana juu ya mahali pa kumzika, hakuzikwa hadi Mei 23, 1987. Mahakama iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Funzo kwetu ni kuzungumza mapema. Agizo la marehemu si lazima lifuatwe na mahakama neno kwa neno, lakini agizo lililosemwa mbele ya mke, watoto na wazee huwapa walio hai ujasiri wa kukataa gharama ambazo kila mmoja anaziogopa na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzikataa.

Maswali ya kuuliza mezani

Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho hulazimisha makafani kumpa mteja orodha ya bei ya kila huduma, kumtajia bei hata kwa simu, kumruhusu kuchagua anachotaka tu, na kutomtoza ada akileta jeneza alilonunua kwingine. Hapa kwetu, orodha hiyo idai wewe mwenyewe. Mtume mtu asiye wa karibu sana na marehemu, mwenye uwezo wa kuhesabu bila kulia, na aulize haya:

- Ada ya siku ni kiasi gani, na huanza kuhesabiwa saa ngapi? Siku ya kuchukua mwili inahesabiwa?
- Dawa, kuosha na kuvalisha vimo ndani ya ada hiyo au ni bei tofauti?
- Tukileta jeneza, nguo au gari letu, mtatutoza?
- Gari linatozwa kwa kilomita au kwa safari, na mafuta ni ya nani?
- Tafadhali tuandikieni bili ya tarehe mbili: ya mapema na tunayoifikiria sisi.

Swali la mwisho ndilo kubwa. Makafani yakikataa kuliandikia, mmejifunza jambo kuyahusu.

Tumalizie kwa upande wetu. Tangazo la kifo redioni nalo hulipiwa, na familia inayongoja wiki tatu hulirudia mara nyingi kuliko inayozika Ijumaa. Nasi pia hupata zaidi mfiwa akichelewa. Ndiyo maana tumekubaliana kituoni kwamba anayekuja kulipia tangazo ataulizwa kwanza kama amepata kibali cha mazishi na kama ameandikiwa bili ya tarehe mbili. Akisema bado, tangazo litangoja hadi kesho. Afadhali arudi makafani kwanza.