Kitendawili na Haki ya Kulichelewesha Jibu

Ufundishaji wa fasihi simulizi umezoea kukipima kitendawili kwa jibu lake. Mazoea hayo yanapotosha. Lisp, lugha ya kompyuta aliyoiasisi John McCarthy mwaka 1958, yaonyesha sababu. Ukiandika (+ 2 3), kompyuta hukokotoa na kutoa 5. Ukitanguliza alama ya nukuu, '(+ 2 3), usemi hubaki mzima, na vipande vyake vitatu huweza kuchomolewa kimoja kimoja. Ikishatoka 5, vipande havionekani tena.

Barazani Diani au Msambweni, mwito wa "Kitendawili!" ndio nukuu hiyo. "Nyumba yangu haina mlango." Wasikilizaji huigeuzageuza nyumba, huuulizia mlango: kaburi? mzinga? Wakishindwa hudaiwa mji, nao hutoa Kwale nzima (bei si haba!), ndipo mtegaji, mwenye idhini pekee ya kufumbua, aseme: yai.

Kitabu cha shule kinachochapa "yai" kando ya fumbo kimempokonya mtegaji idhini hiyo, na mtoto wa Kidigo hukariri jibu asilolitafuta. Waandishi wa vitabu wayapeleke majibu kurasa za mwisho. Watahini nao watuze hoja za mtahiniwa hata kama yai halikupatikana.