Mbwa wa Tobia

Katika Kitabu cha Tobiti yupo kiumbe ambaye wahubiri wengi humruka. Kijana Tobia anatoka Ninawi kwenda nchi ya Media, anasindikizwa na malaika Rafaeli asijue kuwa ni malaika, na pamoja nao anakwenda mbwa. Anatajwa wakati wa kwenda, anatajwa tena wakati wa kurudi, basi. Jina hana, muujiza hafanyi. (Ndugu zetu ambao Biblia zao hazina kitabu hiki, waazime kwa jirani Mkatoliki. Hakina urefu.)

Huku kwetu Katavi mtu hapandi miamba kwa kamba na kofia ngumu kama Wazungu. Anapanda kusali, kutafuta ng'ombe waliopotea au kufuata asali. Akiwa na mbwa mkubwa, humchukua. Ni mlinzi, ni rafiki, na porini ni masikio ya pili.

Ila kumfikisha huko ni kazi. Kondakta wa basi hataki hata kumsikia. Kwenye bodaboda hakai. Basi ni miguu, na mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anapoa kwa kuhema. Jua la saa saba, juu ya jiwe lililopata moto, linamchoma nyayo na kumkausha. Aendaye alfajiri na kibuyu cha maji cha watu wawili amefanya la maana. Tena mbwa hupanda jabali kwa furaha, kushuka kukamshinda, ukambeba mgongoni kilo arobaini.

Hifadhi ya Katavi hairuhusu mbwa kuingia, na wapo wanaonung'unika kwamba wanyama wanathaminiwa kuliko watu. Siafiki. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaohusishwa na mbwa wa vijijini uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Na mbwa akimbwekea tembo, tembo akageuka, mbwa hukimbilia kwa nani? Kwa bwana wake.

Hayo yote ni madogo mbele ya kichaa cha mbwa. Takriban asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: mwenye mbwa asiyechanjwa asiende naye mlimani kwenye maombi, mahali palipojaa watoto wa watu. Aanze kwa mganga wa mifugo. Njia ni ileile, mama aliyebeba kuni anapita hapo, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda mbwa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtoto ameng'atwa, na badala ya kukimbizwa hospitali anawekewa mikono, anaambiwa aamini, anarudishwa nyumbani. Wiki zinapita, anaanza kuogopa maji. Wazee wa kanisa, hapo mtajibu nini kwa mama yake? Rafaeli, ambaye jina lake lina maana ya Mungu huponya, hakumwambia Tobia asali tu. Alimwelekeza achukue nyongo ya samaki, akampake baba yake machoni, na mzee akaona. Malaika mzima alitumia dawa. Sisi ni nani hata tuione chanjo kuwa upungufu wa imani?

Salini, lakini salini njiani kwenda hospitali. Kabla ya hapo, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, msipake majivu wala mafuta. Mbwa naye, ikiwezekana bila hatari, msimpige mawe akafa hapohapo; afungwe, atazamwe kwa siku 10, wataalamu wajulishwe. Mtoto asingoje siku hizo ziishe. Aanze sindano siku ileile, hata kama ni Jumapili na ibada haijamalizika.