Mutarule: tukiziba ufa, tuchague pia ukuta

Kiangazi kikifika katika uwanda wa Ruzizi, watu wanaanza kupiga matofari. Lakini si wote wanaojenga nyumba mpya. Wengi wanatengeneza ile ya zamani: baba anagawa saluni iwe vyumba viwili kwa sababu ndugu zake wamekimbia vita na kufika kwake, kituo cha afya kinaongeza chumba cha kuzalishia, wazazi wanarudisha ukuta wa darasa uliopasuka. Na karibu kila mara fundi masoni anapendekeza kitu kimoja tu: matofari ya udongo, tena manene. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunakosea.

Tupige hesabu. Ukuta wa ndani wenye urefu wa metre 3, kimo cha metre 2 na nusu na unene wa sentimetre 20, ukijengwa kwa matofari mabichi, unakaribia tani 2 na nusu. Nyumba ya zamani haikupangiwa mzigo huo. Mara nyingi ukuta wa namna hiyo unapandishwa juu ya sakafu tu, bila fondasio. Mvua zikirudi, udongo unalainika, ukuta unashuka na kuuvuta ule wa zamani. Mwenye nyumba anashangaa kuona ufa mpya mahali alipolipa pesa ili kumaliza ufa. Ukuta wa mbao wa kipimo hicho haufiki kilo 200. Ule wa fito na matete, uliokandikwa udongo pande mbili, ni kama theluthi moja ya uzito wa matofari.

Uzito si jambo la fondasio peke yake. Sisi wa Uvira tunakaa ndani ya bonde la ufa, na ardhi yetu inatikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga ziwa Tanganyika, nyumba zikaporomoka Kalemie na watu wakafa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu na majirani wa Rwanda, ambako kuta ziliangukia watu makanisani. Ardhi ikitikisika, kinachoua ni kile kizito kilicho juu ya kichwa chako na ambacho hakikufungwa na kitu.

Najua jibu nitakalopewa. Mutarule haijasahau usiku wa tarehe 6 Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Mtu aliyepita katika usiku kama huo anataka ukuta mnene kati ya watoto wake na giza la nje. Siwezi kumlaumu. Tofari la udongo linapunguza nguvu ya risasi, ubao haupunguzi.

Kwa hiyo sisemi tubomoe kuta za nje zilizo imara. Hizo zibaki. Ninasema juu ya kuta za kugawa vyumba, na juu ya pinyoni, ile pembetatu inayofika chini ya manjanja. Pinyoni ya matofari ambayo haikufungwa upande wowote ni kati ya vitu vya kwanza kuanguka, na chini yake ndipo tunapoweka vitanda. Tukiiondoa na kuweka mbao au matete mahali pake, usalama dhidi ya risasi haupungui, maana mtu halali juu ya dari.

Wengine watasema vitu vyepesi vinaungua. Ni kweli, na sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Tarehe 2 Julai 2010, hapa karibu, Sange, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto; watu zaidi ya 200 walikufa. Lakini udongo wenyewe hauungui. Fito zilizofunikwa vizuri kwa udongo pande zote mbili zinastahimili moto kuliko mbao tupu. Mbao tupu zisikae karibu na jiko. Na manjanja ya kusimamisha kama ukuta? Kwa jua la uwanda wetu, mwanafunzi au mama aliyejifungua hawezi kukaa humo saa sita mchana.

Ukuta mwepesi usichukuliwe kuwa ukuta wa maskini unaofanywa haraka haraka. Una sheria zake. Miti isichimbiwe udongoni, kwa sababu mchwa na maji vitaila. Ikalishwe juu ya mstari wa mawe wenye kimo cha sentimetre 30 au 40. Kichwa cha ukuta kifungwe kwenye mbao za paa, na ubavu ufungwe kwenye ukuta wa zamani. Udongo uchanganywe na majani makavu yaliyokatwa, ulazwe siku kadhaa, kisha ukandikwe mara mbili. Tena, kabla ya kuondoa ukuta mzito wa ndani, fundi aangalie kama haushiki paa au haushikilii ukuta wa nje. Akiuondoa bila kuangalia, ataiua nyumba aliyoitwa kuiponya.

Wakuu wa usheferi, makanisa yenye shule na vituo vya afya, na mashirika yanayotengeneza majengo yetu wanaweza kuanza na jambo dogo: kila darasa linalorudishwa, pinyoni zake ziwe nyepesi, na masoni wa kijiji wafanye kazi hiyo wakiiona na kuijifunza. Baada ya hapo wataipeleka wenyewe majumbani.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mutarule imeziba nyufa nyingi, za nyumba na za roho. Ukuta tunaoujenga leo usiwe ndio utakaotuangukia kesho.