Mheshimiwa, Uliza Tena

Mawaziri wa Kenya wamerudi Bungeni kujibu maswali ana kwa ana, na yeyote aliyewahi kufuatilia kikao kimoja hadi mwisho anaujua utaratibu wake. Mbunge anasimama na kusoma swali alilolipeleka kwa Karani siku nyingi zilizopita. Waziri anafungua faili na kusoma jibu aliloandikiwa na maafisa wake. Mikakati imewekwa. Mchakato uko katika hatua za mwisho. Kazi itaanza mara tu fedha zitakapopatikana. Mbunge anamshukuru Waziri kwa jibu zuri, anaketi, na kabla kikao hakijaahirishwa kipande cha video kimeshasambazwa katika makundi ya WhatsApp ya eneobunge lake kuonyesha jinsi mheshimiwa anavyowapigania watu wake.

Barabara iko vilevile. Dawa hazijafika. Funika kombe mwanaharamu apite.

Naandika haya kwa kila msomaji, lakini hasa kwa majirani zangu wa Waithaka, hapa Nairobi, kwa sababu tumezoea kuhesabu maswali ya mbunge bila kuhesabu majibu. Swali la kwanza halimtishi Waziri. Amelisoma mapema, amelijadili na makatibu wake, amelitafutia maneno laini. Linalomtoa jasho ni la pili, lile asilolijua, linaloulizwa akiwa bado amesimama: umesema fedha zimetengwa, ni kiasi gani, katika fungu lipi, na mkandarasi ni nani? Mbunge asiyefika hapo amemsaidia Waziri kusoma taarifa yake kwa vyombo vya habari, basi.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya Katiba ya 2010 mawaziri walikuwa wabunge pia. Katiba ikawatenganisha: mbunge hawezi kuwa Waziri, lakini kifungu cha 153 kinasema Waziri akiitwa na kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti lazima afike na ajibu. Kuanzia 2013 maswali yakahamia vyumba vya kamati, na kwa karibu miaka kumi wabunge wakanung'unika kwamba majibu yanawafikia kupitia mwenyekiti wa kamati, yamechelewa na yamepoa. Rais William Ruto alipolihutubia Bunge Septemba 2022 alitaka kanuni zibadilishwe, na mwaka uliofuata mawaziri wakaanza kusimama tena mbele ya wabunge na maseneta. Jambo jema. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni jinsi nafasi hiyo inavyotumiwa.

Anayedhani Bunge letu halijawahi kuuliza kwa ukali hajui historia yake. Matatu ya kutoka mjini kuja kwetu kupitia Ngong Road huupita mzunguko wa City Mortuary. Machi 1975 mwili wa Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulikuwa umelazwa katika mochari hiyo baada ya kuokotwa kwenye vilima vya Ngong. Siku hizohizo wabunge walikuwa wanauliza mwenzao yuko wapi, na Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, akaliambia Bunge kwamba Kariuki yuko Zambia. Wabunge hawakumshukuru kwa jibu zuri. Waliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, kamati ikachimba, na Juni ikaleta ripoti iliyowanyoshea kidole maafisa wakubwa wa usalama. Masinde Muliro, aliyekuwa Waziri, aliiunga mkono ripoti hiyo kwa kura yake na akafutwa kazi. Oktoba mwaka huohuo Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge lenyewe, wakatiwa kizuizini.

Hiyo ndiyo bei waliyolipa wao. Mbunge wa leo akikuambia kwamba kumbana Waziri ni hatari, mkumbushe majina hayo, kisha umuulize yeye anaogopa nini hasa, zaidi ya simu yake kutopokelewa ofisini kwa Waziri.

Wala si lazima turudi mbali hivyo. Mwaka 2004 Maoka Maore, mbunge wa kawaida tu, aliwasilisha Bungeni stakabadhi za kandarasi ya mfumo wa kutengeneza pasipoti iliyopewa Anglo Leasing, kampuni ambayo baadaye ilibainika kuwa hewa. Kashfa nzima ilifumukia hapo. Julai 2008 wabunge walipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, kuhusu kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency hapo katikati ya mji. Kimunya alikuwa ametamka kwamba heri afe kuliko kujiuzulu. Hazikupita siku nyingi akajiuzulu, na yu hai. Katika visa hivyo viwili jibu la kwanza la serikali halikukubaliwa; watu waliendelea kuuliza, na waliuliza wakiwa na karatasi mkononi.

Sasa tuangalie mambo ya juzi. Mwaka 2024 wakulima waligundua kwamba mbolea ya ruzuku waliyouziwa ilikuwa bandia. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, akaleta hoja ya kumtimua Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na wabunge 149 wakaiunga mkono dhidi ya 36. Ungedhani mambo yamekwisha. Suala likapelekwa kwa kamati ya watu 11, na wiki mbili hazijaisha kamati hiyo ikaamua, kwa kura saba dhidi ya nne, kwamba madai hayakuthibitishwa. Linturi aliondoka Julai, lakini si kwa mkono wa Bunge: aliondoka Rais alipowafuta kazi karibu mawaziri wote baada ya vijana kuingia barabarani kuandamana. Bunge lilikuwa na kisu na nyama, likaomba radhi kwa kuchelewesha chakula.

Kifungu hichohicho cha 153 kina sentensi nyingine ambayo wengi huiruka, inayosema mawaziri wanawajibika kwa Rais, mmoja mmoja na kwa pamoja. Uzito wake ulionekana Novemba 21, 2024. Siku hiyo Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, alikuwa mbele ya kamati ya Bunge akisisitiza kwamba hakukuwa na hongo katika mkataba wa nyaya za umeme na kampuni ya Adani ya India. Saa chache baadaye Rais, akilihutubia taifa kutoka ukumbi wa Bunge, akaagiza mradi huo ufutiliwe mbali pamoja na ule wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wabunge wakashangilia kwa nguvu. Mimi nilijiuliza wanashangilia nini. Walikuwa na majuma ya kuuliza, wakaja kufunguliwa mlango na yuleyule waliyepaswa kuisimamia serikali yake.

Hata hivyo swali zuri bado linaweza kumtoa nyoka pangoni, na kisa cha Julai 2025 kinastahili kusomwa taratibu na kila mzazi. Serikali imekuwa ikitangaza kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ana mgao wake wa shilingi 22,244 kwa mwaka, ndiyo maana tunaambiwa elimu ni ya bure. Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa ilipomhoji Waziri wa Fedha, John Mbadi, akasema wazi kwamba Hazina haiwezi kuumudu mgao huo wote, na kwamba kinachowezekana ni takriban 16,900. Kelele zikapigwa nchi nzima, na viongozi wa serikali wakakimbilia kuwatuliza wazazi kwamba elimu ya bure ingalipo.

Mimi nampa Mbadi heko. Alijibu. Piga hesabu mwenyewe: tofauti ni shilingi 5,344 kwa kila mtoto, na shule yenye wanafunzi 600 inakosa zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Pesa hizo hazipotei hewani, zinatafutwa kwetu. Mtoto anarudi nyumbani Jumatatu saa nne asubuhi na karatasi iliyopigwa muhuri: chakula cha mchana, karatasi za mitihani, mwalimu wa bodi ya shule (B.O.M.) ambaye serikali haikumwajiri. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya Naivasha Road anahesabu noti za mia mia, anamlaumu mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hana la kusema kwa sababu naye anadaiwa na aliyemletea maharagwe. Ukweli wa jambo hilo ulipasuka katika chumba cha kamati kwa sababu ya swali. Na baada ya serikali kukanusha, ni wabunge wangapi walisimama kumuuliza Waziri: basi pengo limezibwa kwa fedha zipi?

Hapo sasa nageuka kwetu, maana ni rahisi mno kuwachapa wabunge na kujiacha.

Waithaka ni moja ya wadi tano za Dagoretti Kusini, pamoja na Riruta, Ngando, Mutu-ini na Uthiru/Ruthimitu. Tuna mbunge, tuna mwakilishi wa wadi, tuna seneta, tuna mwakilishi wa wanawake. Tunawauliza nini? Kwenye mazishi tunawauliza wamekuja na shilingi ngapi. Kwenye hafla za kanisa tunangoja bahasha isomwe. Kijana anamsimamisha mheshimiwa kando ya gari, anamwomba ya chai. Baada ya hapo tunategemea mtu huyohuyo, tuliyemgeuza mashine ya kutoa noti, akamkazie macho Waziri kwa niaba yetu. Yeye anajua tunachompimia, naye anatupa hichohicho.

Halafu hatujui swali gani ni la nani, na wanaotuongoza wanafurahi tusijue. Maji ya mfereji, kituo cha afya cha mtaa, taka na taa za vichochoroni ni mambo ya kaunti. Hayo mpe mwakilishi wa wadi ayapeleke bunge la kaunti, City Hall. Mgao wa shule, polisi, makato ya mshahara ya bima ya afya ya SHA na barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa. Hayo ni ya mbunge kumuuliza Waziri. Fedha zinazopaswa kutoka Hazina kwenda kaunti ni za seneta kuulizia. Ukikosea mlango utazungushwa: mbunge atakuelekeza kaunti, kaunti itasema Hazina haijatuma fedha, na Hazina haina dirisha la mtu wa Waithaka.

Najua lile neno ambalo wanasiasa hutunong'onezea: mbunge asiyesumbua serikali ndiye huletewa barabara. Wapo wanaoliamini, na siwalaumu, maana wameona lami ikimwagwa msimu wa kura mahali ambapo mbunge alinyamaza miaka minne. Lakini tazama wenzetu wa Tanzania. Februari 2008 kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa chama tawala cha CCM, chini ya Spika Samuel Sitta, naye wa CCM. Ripoti iliposomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa, wa CCM vilevile, alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Kuwa upande wa serikali hakukumfunga Mwakyembe mdomo. Na lami ya kununuliwa kwa ukimya huja nyembamba, mvua moja tu inaikunja, kisha hakuna wa kuuliza nani aliipitisha, kwa sababu aliyepaswa kuuliza alikuwepo akikata utepe.

Basi ndugu zangu, tuandike. Chama cha akina mama kinachokutana Jumapili, kamati ya wazazi, chama cha wenye matatu, kila kimoja kiandike swali moja. Moja tu, lenye tarehe na kiasi cha fedha, si malalamiko ya kurasa tatu. Kiswahili kinatosha, kifungu cha 120 kinakitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mpelekeeni mbunge katika ofisi ya eneobunge, mchukue nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Asipolipeleka, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni mwenyewe. Jibu likitolewa, lisomeni katika kumbukumbu rasmi za Bunge, msingoje kusimuliwa na msaidizi wa mheshimiwa. Watu wa Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, wana miaka mingi wakitangaza wabunge waliozungumza na waliokaa kimya. Sisi tunaweza kufanya zaidi, kwa kuweka daftari la majibu ya mbunge mmoja tu, wetu. Na mkutano ujao wa hadhara, mtu asimame na daftari hilo mkononi kabla ya bahasha kusomwa.

Msiojua pa kuanzia, chukueni hili. Je, Waziri wa Elimu anaweza kueleza ni shilingi ngapi zilipelekwa kwa kila sekondari ya kutwa ya umma katika Dagoretti Kusini muhula uliopita, zilifika tarehe gani, na kwa kiwango cha 22,244 zilipaswa kuwa ngapi? Waziri akisema pengo linashughulikiwa, mheshimiwa asiketi: linashughulikiwa na nani, kwa fedha za fungu lipi, na mzazi aliyekwisha kuliziba kutoka mfukoni mwake atarudishiwa lini?